UZI: Kamera ya nje isiyo na waya kwa bei ya kawaida, Mbeya. Ipi inafaa, na kwa nini yangu ilimkosa mwizi?

#1 Mwana wa Uyole

Habari za jioni wakuu. Naenda moja kwa moja.

Mama anaishi Uyole, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu, yeye na binti wa kazi tu. Mimi niko Dodoma kikazi. Mwezi wa tatu nilimfungia kamera ya sola, zile zenye paneli ndogo kichwani na antena mbili. Nikaiweka juu ya nguzo ya geti, ikitazama barabara. Nililipa elfu 85 na nilijiona nimemaliza kazi.

Wiki iliyopita, saa tisa usiku, wameingia. Wamechukua kuku 11, pampu ya maji na nguo zilizokuwa kwenye kamba. Asubuhi nikafungua simu nikijua leo tunao. Nimekuta video moja ya sekunde 10. Mgongo wa mtu mwenye koti refu na kofia ya mzula, pampu begani, anatoka. Kuingia kwake hakupo. Muda wote aliokaa ndani haupo. Kuku hawaonekani kabisa, hata sijui walipitishwa wapi.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, kwa laki moja na nusu hadi laki mbili ninunue kamera gani ya nje isiyonilazimu kutandaza waya uwanja mzima? Pili, ile ilimkosaje? Nisipojua sababu nitarudia kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi.

Msiniambie ninunue mbwa. Mbwa alikuwepo. Walimlisha kitu, akaamka saa sita mchana.

#2 Fundi wa Kabwe

Pole sana mkuu, na pole kwa mama.

Kamera yako ilikuwa imelala. Hizi za betri hazirekodi usiku kucha, haziwezi. Piga hesabu: ndani huwa kuna betri mbili za 18650 (zile za mviringo kama za tochi), tuseme mAh 2,600 kila moja. Zidisha kwa volti 3.7, unapata kama saa-wati 19. Kamera inayorekodi huku taa zake za usiku zimewaka inaweza kula wati 4. Hiyo betri haifiki hata saa tano. Kwa hiyo mtengenezaji anailaza, anaacha macho ya PIR peke yake, yaani kihisi joto. PIR ikihisi joto linatembea ndiyo inaiamsha.

Sasa PIR ina tabia yake. Mtu akipita mbele yake kwa kukatiza, kushoto kwenda kulia, inamshika haraka. Akija moja kwa moja kuielekea, joto lake linabaki sehemu ile ile ya kioo, inachelewa au haiamki. Yako iko juu ya geti inatazama barabara. Mwizi alikuja akiitazama usoni. Ndiyo maana ulipata mgongo, maana wakati wa kutoka labda alipinda pembeni.

Nunua ya umeme, achana na betri. Tapo C310 ni megapikseli 3, ina IP66 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji), inatumia waifai na ina tundu la kebo ukitaka. Inarekodi saa 24.

#3 Mzee wa Makete

Poleni. Kijana #2 ameeleza vizuri ila amesahau baridi. Huku kwetu Juni na Julai majani ya Kitulo yanaamka meupe kwa barafu. Betri ya lithiamu kwenye baridi inaishiwa nguvu upesi, na ikichajiwa chini ya nyuzi 0 inaharibika kabisa. Za kwangu mbili zilikufa hivyo hivyo. Mchana zinasoma asilimia 60, usiku wa manane zimezima, jua likitoka zinafufuka. Ukimuuliza aliyekuuzia anakwambia mtandao. Mimi naona ni baridi tu.

#4 Dada Gangilonga

Kamwene wote. Mimi niko Iringa mjini na nina kamera mbili za umeme mwaka wa tatu huu. Namuunga mkono #2 kwenye ushauri, lakini mtu asidhani akinunua ya umeme matatizo yameisha.

Ya kwanza niliiweka chini ya dari la nje, karibu kabisa na ukuta niliopaka chokaa. Mchana picha safi. Usiku maziwa matupu. Kumbe mwanga wa infraredi, ule wa taa zake za usiku, ulikuwa unagonga ukuta mweupe na kurudi kwenye lenzi. Nikaisogeza mbele kwa kipande cha chuma cha sentimita 20, ikaona.

Ya pili ni buibui. Taa za usiku zinavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, naye akatandika nyumba yake mbele ya lenzi. Kila uzi ukitikiswa na upepo simu inalia "mtu ameonekana". Nilikuwa naamka mara saba. Sasa kila Jumamosi nachukua brashi ya rangi niliyoifunga kwenye mti wa ufagio, napitisha. Ukiacha wiki mbili tu, yuko pale tena.

Mwana wa Uyole, hebu angalia kama mbele ya lenzi yako kuna utando. Unaweza kukuta jibu liko hapo.

#5 Tukuyu Mvua Tele

Mnaongelea baridi na buibui, hakuna aliyetaja ukungu. Uyole na sisi huku Rungwe, ukungu ukishuka hata mtu huoni mkono wako. Taa za infraredi zikipiga kwenye ukungu zinarudi zote, kama vile full za gari zinavyokuzidishia giza ukiwa unashuka mlima usiku. Kamera inaona pazia jeupe. Mwizi wa Mbeya anajua hilo, anasubiri ukungu.

Halafu kwa wenye migomba kama sisi: kamera za umeme zinazotambua mwendo kwa kulinganisha picha zitakupigia kelele kila jani likitikisika. Tafuta yenye kutambua umbo la mtu, na uchore eneo la kuangalia ndani ya programu, migomba uiache nje ya mstari.

#6 Mtoto wa Sokomatola

Mzee wa #3 na baridi yake ya Makete, unavyozililia hizo betri ungesema umezika mtu 😂. Uyole si Kitulo mzee wangu, shikamoo lakini.

Mimi nasikia wezi siku hizi wanatembea na vifaa vya kuua waifai. Anabonyeza, kamera zote za mtaa zinapoteza mtandao. Ndiyo maana video iko moja.

#7 Fundi wa Kabwe

@#6 vifaa hivyo vipo, lakini havizuii kamera kuandika kwenye memori kadi yake. Waifai ikifa unakosa taarifa kwenye simu, video inabaki ndani ya kadi. Na mtu mwenye kifaa hicho aje kuiba kuku?

@#5 ukungu ungemficha hata wakati wa kutoka. Video ya mgongo ilikuwa safi au yenye pazia? Mwana wa Uyole atujibu. Atuambie pia kadi gani, waifai iko umbali gani, na paneli inatazama wapi.

#8 Mwana wa Uyole

Ndaga fijo wote, nimesoma kila mstari.

Nimempigia mama, nimemuuliza moja moja. Majibu haya hapa. Video ya mgongo iko safi, unaona hadi mshono wa koti. Utando hakuna, binti amepanda ngazi akapiga picha. Kadi imeandikwa GB 128, niliinunua elfu 15 kwa machinga. Ruta iko sebuleni, kama mita 18 hadi getini, katikati kuna kuta mbili za tofali za kuchoma. Paneli imeungana na kamera, kwa hiyo inaangalia kule kule kusini, barabarani. Asubuhi ile betri ilisoma asilimia 41.

Na kuna jambo mama amenieleza leo tu. Kila usiku akienda kulala anachomoa ruta ukutani. Anasema alizoea wakati wa masika kwa ajili ya radi, akaendelea. Miezi minne yote hiyo nilikuwa najua nalindwa usiku, kumbe usiku wote sikuwa na mawasiliano na ile kamera. Sikumlaumu. Mimi ndiye sikumweleza kile kisanduku ni cha nini.

#9 Lupembe Parachichi

Hapo kwenye ruta ndipo nilipokwama na mimi, nikahamia kamera za laini. Shamba langu liko mbali na umeme, waifai hakuna. Msimu uliopita walinichumia miti 14 usiku mmoja, matunda bado machanga hata hayafai sokoni. Niliumia zaidi kwa kuona yametupwa njiani.

Nikanunua ya 4G yenye sola. Faida ni kwamba haitegemei ruta ya mtu wala umeme wa nyumbani. Hasara yake ni bando. Ukiangalia moja kwa moja, picha ikiwa inatiririka kwa megabiti 1 kwa sekunde, saa moja imekula MB 450. Kwa megabiti 2 ni MB 900. Mimi naangalia taarifa zikija tu, na video fupi. Na msinunue ya 4G bila kuweka laini yako ndani mkiwa bado dukani. Kuna matoleo yaliyotengenezwa kwa masafa ya Marekani, huku yanashika mtandao kwa kubahatisha. Ya kwanza nilirudishiwa nusu ya hela kwa ugomvi.

#10 Fundi Mafinga

Nimesoma kimya, sasa niingie. #2 ana hoja nzuri lakini mimi naanzia juani.

Mwana wa Uyole kasema alifunga mwezi wa tatu, paneli inaangalia kusini, na wizi umetokea sasa, Julai. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Machi jua la mchana linapita karibu na utosi, paneli hata ikielekea kusini inapata chakula. Julai jua limehamia kaskazini, saa sita mchana liko kama nyuzi 31 kutoka utosini. Paneli iliyoinama kusini inalipa mgongo. Kwa hiyo kamera ilikuwa inakula akiba tangu Mei, polepole.

@Mzee wa Makete, shikamoo. Uko sahihi kuhusu lithiamu na nyuzi 0, ila saa tisa usiku hakuna kuchaji, na Uyole barafu si kawaida. Baridi inapunguza nguvu, haiwezi kuiua peke yake. Lakini ukijumlisha baridi na betri yenye njaa, volti zinashuka pale kamera inapojaribu kuwasha taa zote, inajizima kabla haijaandika. Ikitulia volti zinapanda tena, asubuhi inakuonyesha 41.

Halafu kuna jambo la tatu. Kamera za betri zina muda wa kupumzika baada ya kila video, nusu dakika mpaka dakika kadhaa ukiweka hali ya kubana betri. Mbwa akipita inaamka kwa ajili ya mbwa, inarekodi, inapumzika. Mwizi anapita kwenye mapumziko.

Fundi anayefunga sola ndogo huku kwetu aelekeze paneli kaskazini, mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, basi. Na nunueni zile ambazo paneli ina waya wake wa mita tatu, kamera itazame kwako, paneli itazame jua.

#11 Binti Mkwawa

Mimi niulize la pembeni. Jirani yangu hapa Iringa kafunga kamera inayozunguka, ikigeuka inaona uani kwetu mpaka mlango wa bafu la nje. Nikimwambia ananijibu ni ulinzi wa mtaa. Nina haki gani?

#12 Mzee wa Makete

Marahaba vijana wangu wote wawili. Fundi Mafinga nimekuelewa, sikubali yote. Za kwangu zilikuwa zinatazama kaskazini na bado zilikufa. Njoo Julai ulale siku moja huku, uguse hiyo kamera alfajiri kwa mkono mtupu, halafu turudi kwenye uzi.

Bei ya viazi ikipanda ndiyo utajua umuhimu wa kamera. Mwaka jana walichimba matuta yangu saba usiku, wakayafukia vizuri kama hawajagusa. Nilijua siku ya kuvuna.

#13 Dada Gangilonga

@Mzee, walifukia? Hao walikuwa wakulima wenzako. Pole sana.

@Binti Mkwawa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Picha yako ni taarifa yako. Ila kabla ya kufika huko, mwende kwa mwenyekiti wa mtaa mkiwa wawili, mwombe jirani akuonyeshe kwenye simu yake kamera inaona nini. Programu nyingi zina sehemu ya kuziba eneo la picha, anachora mraba mweusi juu ya uani kwenu na ulinzi wake unabaki vile vile. Akikataa hata hilo, hapo nenda mbele.

Na sisi tunaofunga tujifunze. Ukimwekea mama kamera mwambie, na binti wa kazi umwambie. Ni mtu, hapaswi kugundua mwenyewe kuwa anatazamwa.

#14 Mtoto wa Sokomatola

Mzee wa Makete naomba radhi kwa utani wa juu, kumbe umeumia kweli. Viazi vya matuta saba si mchezo.

Swali langu wakuu: nimenunua ya umeme kama ya #2, inakataa kabisa kushika waifai. Simu inashika, kamera inasema neno la siri si sahihi. Nimelibadili mara nne.

#15 Fundi wa Kabwe

Ruta yako ni mpya? Itakuwa inatoa masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5, chini ya jina moja. Kamera nyingi za bei yetu zinajua 2.4 tu. Ingia kwenye ruta utenganishe majina, simu uiunge kwenye 2.4, ndipo uanze kuisajili kamera. Na hiyo 2.4 ndiyo unayoitaka, inapenya tofali za kuchoma vizuri kuliko 5.

Ukimaliza, neno la siri la kamera libadilishe siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, kisha kikazitumia kuangusha tovuti kubwa. Kamera yako ya Sokomatola ni kompyuta kama zile.

#16 Mtoto wa Sokomatola

Imeshika!! Ilikuwa ni hiyo 5. Asante fundi, nakudai soda nikupe.

#17 Tukuyu Mvua Tele

Anayekudai ni yeye, wewe ndiye unayedaiwa 😂

Turudi kwa Mwana wa Uyole. Hakuna aliyegusa ile kadi ya elfu 15. GB 128 kwa elfu 15 mkononi mwa machinga, mimi roho inasita. Kuna kadi zimeandikwa 128 na ndani ni 8. Kamera inaamini inaandika, ikifika ukomo inafuta au inaharibu za mwanzo. Miezi minne imetosha kuijaza. Ichomoe, iweke kwenye kompyuta, uipime kwa H2testw. Ni programu ya bure, inajaza kadi yote halafu inasoma upya ilichoandika. Nakili video yako kwanza, maana kuna kufuta.

Kingine, maji. Masika yakija, waya unaoingia kwenye kamera usiunyooshe kutoka juu. Ulegeze uning'inie kama tumbo kabla ya kuingia, matone yadondokee pale. Huku Tukuyu kamera ya IP66 iliniingia maji kupitia tundu la waya, si mwilini. Ukiona umande ndani ya kioo asubuhi, ujue umechelewa.

#18 Lupembe Parachichi

Nyongeza kwa #17. Kwa anayerekodi saa 24: megabiti 2 kwa sekunde ni kama GB 21 kwa siku. Kadi halisi ya GB 64 inakupa karibu siku tatu, ya 128 karibu siku sita. Ukisafiri wiki nzima bila kuangalia, ya Jumatatu imeshafutwa. Kuna namna mbili za kubana video: yenye H.265 inabana nafasi kuliko H.264, ulizia.

#19 Mwana wa Uyole

Wakuu, binti alinitumia ile kadi kwa basi la usiku, imefika jana. Nimenakili, nimepima. H2testw imesema data nzima ni GB 7.3. Zilizobaki ni hewa.

Nikafungua folda moja moja. Usiku ule kuna mafaili matatu yenye muda wa saa 8:52, 8:54 na 9:07. La 9:07 ndilo la mgongo. Yale mawili ya mwanzo yana ukubwa wa baiti 0. Sifuri kabisa.

Nimekaa nayatazama hayo majina mawili kwa muda mrefu. Saa 8:52 kuna kitu kilipita pale. Mwizi, mbwa, paka, sijui.

#20 Tukuyu Mvua Tele

Kadi. Nilisema.

#21 Fundi Mafinga

Taratibu ndugu. Faili la baiti 0 linatokea pia kamera ikikata umeme katikati ya kufungua video. Imeamka, imetengeneza jina, imewasha taa, volti zimeanguka, imezima. Mara mbili. Ya tatu ikafanikiwa. Hiyo ni betri.

#22 Fundi wa Kabwe

Na mimi naona imeunga mkono la kwangu. Kutoka 8:54 hadi 9:07 kuna dakika 13 mtu anazunguka uwanja, anashika kuku, anafungua pampu, na kamera haijaamka hata mara moja. Kwa nini? Kwa sababu inatazama barabara, mgongo imeupa uwanja! Hata ungekuwa na kadi ya GB 500 na betri ya lori, kuku ungewakosa. Kamera ihamie ukutani mwa nyumba, mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, ikitazama geti kwa mshazari ili mtu akatize mbele yake. Ukipandisha juu sana utaishia kupata kofia za mizula tu.

#23 Mzee wa Makete

Na saa tisa usiku ya Julai ndiyo saa ya baridi kali. Mimi nimeishia hapo.

#24 Fundi Mafinga

@#22 kwenye kuihamisha tunakubaliana asilimia mia. Kwenye sababu, bado.

#25 Mwana wa Uyole

Nimeamua. Nachukua moja ya umeme ya megapikseli 3, naifunga ukutani juu ya dirisha la sebule, ikitazama uwanja na geti kwa mshazari kama #22. Ruta inakuwa mita 4 tu. Nimepata na UPS ndogo ya volti 12, betri ya akiba umeme ukikatika, kwa ajili ya ruta. Kamera yenyewe nimeambiwa niangalie adapta yake kwanza, maana zipo za volti 5, 9 na 12, nisije kuiunga kwenye UPS hiyo hiyo nikaiunguza. Kadi nanunua dukani kwa risiti, naipima hapo hapo.

Ile ya sola siitupi. Nanunua kipande cha bomba niigeuze, paneli kaskazini, imlinde kuku kwenye banda jipya. Nikiwapata kuku.

Mama amekubali ruta isichomolewe usiku, isipokuwa radi ikianza. Ila ameniuliza swali moja nikashindwa kumjibu: zile taa nyekundu anazoziona usiku kwenye kamera, zikihamia ukutani zitakuwa zinamwona akienda choo cha nje?

#26 Dada Gangilonga

Zitamwona. Taa zinazoonekana nyekundu kwa mbali huwa ni za nanomita 850. Za 940 hazionekani kwa macho ila zinaangaza karibu zaidi. Zote mbili zinamwona.

Kabla fundi hajatoboa ukuta, mwambie mama atembee kutoka mlangoni hadi chooni usiku, wewe ukitazama kwenye simu huku kamera imeshikwa kwa mkono pale itakapokaa. Njia yake yote ichorewe mraba mweusi. Kisha mtumie picha hiyo na yeye aione mwenyewe, kwenye simu ya binti.

#27 Mwana wa Uyole

Fundi anakuja Jumamosi. Nimempigia sasa hivi, nimemwambia asitoboe mpaka mama awe ametembea.